Kulinda Seva ya Linux kwa Ruhusa za Faili na Machaguo ya Kupachika

Kila programu inapoomba kusoma, kuandika au kuendesha faili kwenye Linux, kerneli hukagua mambo mawili. Kwanza ni ruhusa zilizoandikwa kwenye faili yenyewe: nani mmiliki, kundi lipi linahusika, na nani anaruhusiwa kufanya nini. Pili ni masharti ya mfumo wa faili unaoibeba faili hiyo, yaani yale yaliyotajwa wakati mfumo huo ulipopachikwa kwa amri ya `mount` au kupitia `/etc/fstab`. Kimoja kikikataa, ombi limekwama.

Mamlaka ya kuweka vizuizi hivi hayako kwa mtu mmoja. Ruhusa za faili zimo mikononi mwa mmiliki wa faili, naye anaweza kuzilegeza wakati wowote kwa `chmod`, kwa kujua au kwa kutojua. Masharti ya kupachika yamo mikononi mwa msimamizi wa mfumo peke yake. Mtumiaji wa kawaida hawezi kuyagusa, na hata root hufungwa nayo mpaka apachike upya. Ndiyo maana seva iliyotunzwa vizuri hutumia vyote viwili: ruhusa hupanga nani afanye nini kila siku, na masharti ya kupachika huzuia kosa la mtu mmoja lisiwe msiba wa seva nzima.

Mifano ya mwongozo huu imechukuliwa kwenye Debian na Ubuntu, kwa seva ya ofisi ndogo yenye tovuti moja, saraka ya pamoja ya idara ya uhasibu, na watumiaji wachache wanaoingia kwa SSH. Kwenye Fedora na jamaa zake amri ni zile zile, isipokuwa za dpkg na apt. Kingine kinachobadilika ni majina ya baadhi ya makundi.

Kabla ya kugusa chochote

Mstari mmoja wenye kosa ndani ya `/etc/fstab` unaweza kuifanya seva ikatae kuwaka. Amri moja ya `chmod` iliyoelekezwa pasipofaa inaweza kumfungia nje msimamizi mwenyewe. Maandalizi yafuatayo huchukua dakika chache.

1. Weka nakala ya jedwali la upachikaji: `sudo cp -a /etc/fstab /etc/fstab.awali`
2. Sakinisha kifurushi cha `acl`, kisha hifadhi ruhusa zilizopo sasa:
 `sudo getfacl -R -p /etc /srv > ~/ruhusa.acl`
 Faili hiyo inaweza kurudisha wamiliki na ruhusa zote kwa `sudo setfacl --restore=ruhusa.acl`.
3. Fungua dirisha la pili la SSH lenye root na uliache wazi hadi kazi iishe. Mabadiliko yakikata njia ya kuingia, dirisha hilo ndilo la kurekebishia.
4. Hakikisha kuna njia ya kufikia konsoli ya seva bila mtandao, iwe kwa kibodi na skrini au kupitia ukurasa wa kampuni inayokodisha seva.

Kusoma ruhusa za faili

Amri `ls -l /etc/shadow` kwenye Debian hutoa mstari wa namna hii:

```
-rw-r----- 1 root shadow 1187 Mar  4 09:12 /etc/shadow
```

Alama ya kwanza huonyesha aina: kistari ni faili ya kawaida, `d` ni saraka. Herufi tisa zinazofuata ni mafungu matatu ya herufi tatu: ya mmiliki, ya kundi, na ya watu wengine wote. Hapa root anasoma na kuandika, walio katika kundi la `shadow` wanasoma tu, na wengine hawana lolote. Faili hii hubeba nywila zilizochakatwa za watumiaji wote, kwa hiyo vistari vile vitatu vya mwisho si jambo dogo.

Kwa tarakimu, kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuendesha ni 1, na kila fungu hujumlishwa peke yake. Mstari wa juu ni 640.

Kerneli haijumlishi mafungu. Huuliza kwanza kama anayeomba ndiye mmiliki. Akiwa ndiye, husoma fungu la mmiliki na kuishia hapo, hata kama mafungu mengine yana ruhusa pana zaidi. Asipokuwa mmiliki, huulizwa kama yumo kwenye kundi. Akikosekana kote, husomwa fungu la mwisho. Faili yenye ruhusa 077 humnyima mmiliki wake mwenyewe huku ikimruhusu kila mtu mwingine.

Kwenye saraka herufi zile zile hubeba maana nyingine, na hapa ndipo wengi huteleza:

- `r` ni kuona majina ya vilivyomo;
- `w` ni kuongeza, kufuta na kubadilisha majina ya vilivyomo;
- `x` ni kupita ndani ya saraka na kufikia faili ambayo jina lake linajulikana.

Maana yake ni kwamba kufuta faili hutegemea ruhusa za saraka inayoibeba, wala si za faili yenyewe. Tuseme root ameweka skripti ya kuchukua nakala rudufu, ikiwa na ruhusa 700, ndani ya saraka yenye ruhusa 777, na cron huiendesha kila usiku. Mtumiaji yeyote anaweza kuiondoa skripti hiyo asiyoweza hata kuisoma na kuweka yake yenye jina lile lile. Usiku huo root ataiendesha ya mgeni. Kwa hiyo skripti inayoendeshwa na root hukaguliwa pamoja na saraka yake, na saraka ya juu yake, hadi kwenye mzizi.

Saraka ambazo lazima kila mtu aandike, kama `/tmp`, hulindwa kwa biti ya kunata: ruhusa 1777, inayoonekana kama `drwxrwxrwt`. Kwa biti hiyo kila mtu huweka chake, lakini anayeweza kufuta ni mmiliki wa faili, mmiliki wa saraka au root tu.

Biti ya setuid, mzizi wa hatari

Mtumiaji wa kawaida anapobadilisha nywila yake, programu ya `passwd` inapaswa kuandika ndani ya `/etc/shadow`, faili ambayo yeye haruhusiwi kuigusa. Suluhisho ni biti ya setuid: programu yenye biti hiyo hukimbia kwa mamlaka ya mmiliki wake badala ya mtu aliyeiita. Huonekana kama `s` mahali pa `x` ya mmiliki, `-rwsr-xr-x`. Mbinu hiyo ilibuniwa na Dennis Ritchie wa Bell Labs, na hataza yake ilitolewa Marekani mwaka 1979.

Bei yake ni kwamba kasoro yoyote ndani ya programu ya aina hiyo inayomilikiwa na root ni njia ya kuwa root. Mfano ulio wazi ni `pkexec`. Januari 2022 kampuni ya Qualys ilitangaza kasoro iliyopewa jina PwnKit, namba CVE-2021-4034, iliyomruhusu mtumiaji yeyote kuwa root. Kasoro hiyo ilikuwemo tangu toleo la kwanza la programu, mwaka 2009. Kwa waliokuwa bado wanasubiri sasisho, kinga ya muda ilikuwa kuivua biti: `chmod 0755 /usr/bin/pkexec`.

Programu za namna hii zikiwa chache, hatari hupungua. Hatua ni hizi:

1. Orodhesha zote:
 ```
 sudo find / -xdev -type f -perm /6000 -ls > ~/setuid-leo.txt
 ```
 Neno `-xdev` huizuia amri isivuke kwenda patisheni nyingine, kwa hiyo irudie kwa `/home`, `/var` na kila patisheni iliyopachikwa peke yake.
2. Tafuta pia faili zilizopewa mamlaka ya kerneli kwa njia mpya zaidi, ambazo `ls` haizionyeshi: `sudo getcap -r / 2>/dev/null`
3. Pitia kila jina. `sudo`, `su`, `passwd`, `mount` na `umount` ni za kawaida. Kitu chochote chenye setuid chini ya `/home`, `/tmp` au saraka ya tovuti kichukuliwe kuwa dalili ya uvamizi hadi ithibitishwe vinginevyo.
4. Zisizohitajika, zivue biti kwa namna itakayodumu. Kwenye Debian na Ubuntu, `chmod` ya mkono hufutwa kifurushi kinaposasishwa. Amri inayodumu ni:
 ```
 sudo dpkg-statoverride --update --add root root 0755 /usr/bin/chfn
 ```
5. Hifadhi orodha ya leo nje ya seva. Mwezi ujao itengeneze tena na uzilinganishe kwa `diff`.

Saraka ya pamoja bila 777

Hitaji la kushirikiana faili ndilo huzaa 777 nyingi zaidi. Watu watatu wa uhasibu wanataka kuhariri jedwali moja, mmoja anakataliwa, na fundi anamaliza shauri kwa `chmod -R 777`. Kuanzia hapo kila akaunti kwenye seva, hata ile ya programu ya tovuti, inaweza kubadilisha hesabu za ofisi. Njia sahihi ina hatua sita tu.

1. Unda kundi: `sudo groupadd uhasibu`
2. Waingize watu: `sudo usermod -aG uhasibu jina`. Herufi `a` isisahaulike. Bila hiyo, `-G` humwondoa mtu kwenye makundi yake mengine, likiwemo la `sudo`.
3. Tengeneza saraka na ulikabidhi kundi: `sudo mkdir /srv/uhasibu`, kisha `sudo chown root:uhasibu /srv/uhasibu`
4. Weka ruhusa: `sudo chmod 2770 /srv/uhasibu`. Ile 2 ya mwanzo ni biti ya setgid. Kwenye saraka hufanya kila faili mpya izaliwe ikiwa ya kundi la saraka badala ya kundi la aliyeiunda.
5. Hakikisha faili mpya zinaandikika na kundi zima: `sudo setfacl -d -m g:uhasibu:rwX /srv/uhasibu`
6. Watumiaji watoke na kuingia upya. Uanachama wa kundi husomwa wakati wa kuingia.

Baada ya hatua ya tano, `ls -l` huonyesha alama ya `+` mwishoni mwa ruhusa. Alama hiyo husema kwamba tarakimu tatu hazitoshi tena kueleza hali halisi, na ukweli wote upo kwenye `getfacl`.

Tahadhari moja: faili inayohamishwa kwa `mv` kutoka mahali pengine kwenye patisheni hiyo hiyo huja na kundi lake la zamani pamoja na ruhusa zake. Inayonakiliwa kwa `cp` bila chaguo la kuhifadhi sifa hupata kundi la saraka. Malalamiko mengi ya "mimi naona lakini siwezi kuandika" chanzo chake ni hiki.

Faili nyingine zote huzaliwa kwa kadiri ya `umask`, ambayo hutaja ruhusa za kuondolewa. Kwa 022 faili mpya huwa 644 na kila mtu huisoma; kwa 027 huwa 640. Kwa seva yenye watumiaji wengi, 027 ndiyo inayofaa. Ubuntu tangu toleo la 21.04 huunda saraka za nyumbani zikiwa 750, lakini akaunti zilizoundwa kabla ya hapo hubaki na 755 zake hata mfumo ukisasishwa. Hizo zirekebishwe kwa mkono.

Machaguo manne ya kupachika

Neno `defaults` ndani ya `/etc/fstab` humaanisha, pamoja na mengine, `rw`, `suid`, `dev` na `exec`: kuandika, setuid, faili za vifaa na kuendesha programu vyote vimeruhusiwa. Kwa mzizi wa mfumo hilo ni la lazima. Kwa saraka za watumiaji ni ukarimu usio na sababu. Machaguo ya kubana ni haya:

- `nodev`: faili za vifaa zilizomo kwenye patisheni hazifanyi kazi. Bila hiyo, diski iliyoandaliwa kwingine inaweza kubeba faili inayoelekeza moja kwa moja kwenye diski kuu ya seva.
- `nosuid`: biti za setuid na setgid kwenye programu, pamoja na mamlaka yale yanayoonekana kwa `getcap`, hupuuzwa.
- `noexec`: programu iliyomo haiwezi kuendeshwa moja kwa moja.
- `ro`: hakuna kuandika.

`nosuid` na `nodev` karibu hazina gharama. Hakuna kazi halali ya kila siku inayodai setuid ndani ya `/home` au faili ya kifaa ndani ya `/srv`, kwa hiyo ziwekwe kila mahali isipokuwa kwenye mzizi wa mfumo, na kwenye `/dev` ambayo kazi yake ndiyo hiyo.

Umuhimu wake ulionekana tena Juni 2025, kasoro CVE-2025-6019 ilipotangazwa. Maktaba ya libblockdev, inayotumiwa na huduma ya udisks, ilikuwa ikipachika kwa muda mfumo wa faili wa XFS inapobadilisha ukubwa wake, na katika upachikaji huo wa muda haikuweka `nosuid` wala `nodev`. Mshambuliaji aliandaa taswira ya diski yenye programu ya setuid ya root ndani yake, akaiwasilisha kwa huduma, na akawa root. Maneno mawili yaliyokosekana yalitosha.

`noexec` ni habari nyingine, na inahitaji kuelezwa bila kutiwa chumvi. Huzuia faili kuendeshwa moja kwa moja, kwa mfano `/tmp/virusi`. Haizuii `python3 /tmp/virusi.py` wala `sh /tmp/virusi.sh`, kwa sababu programu inayoendeshwa hapo ni `python3` au `sh` iliyomo `/usr/bin`. Skripti kwake ni maandishi ya kusoma tu. Zamani iliwezekana hata kuikwepa kwa programu za kawaida kupitia kipakizi cha `ld-linux`, mwanya uliozibwa tangu kerneli 2.4.25 na 2.6.0. Hata hivyo `noexec` ina faida: mashambulizi mengi hujiendesha yenyewe, hupakua programu `/tmp` au `/dev/shm` na kuiita papo hapo, nayo hukwama hapo.

Inapowekwa pasipofaa, huleta usumbufu wa kweli:

- Kwenye `/var` huvunja dpkg, kwa kuwa skripti za usakinishaji huendeshwa kutoka `/var/lib/dpkg/info`.
- Kwenye `/tmp` inaweza kukwamisha hatua ya apt ya kuuliza mipangilio ya vifurushi. Dawa ni kuielekeza apt kwenye saraka nyingine kwa kuweka mstari huu ndani ya faili mpya chini ya `/etc/apt/apt.conf.d/`:
 `APT::ExtractTemplates::TempDir "/var/tmp";`
 Dawa hii hufanya kazi mradi `/var/tmp` yenyewe haina `noexec`.
- Kwenye `/home` huwazuia waandishi wa programu wanaokusanya na kujaribu kazi zao humo.

Kwa seva ya mfano, mgawanyo unaofaa ni huu:

| Mahali | Machaguo |
|---|---|
| `/home` | `nodev,nosuid` |
| `/tmp` | `nodev,nosuid,noexec` |
| `/dev/shm` | `nodev,nosuid,noexec` |
| `/var` | `nodev,nosuid` |
| `/var/log` | `nodev,nosuid,noexec` |
| `/srv` | `nodev,nosuid,noexec` |
| flashi na diski za nje | `nodev,nosuid,noexec` |

Hatua za kuweka machaguo

1. Tazama hali ilivyo: `findmnt -o TARGET,SOURCE,FSTYPE,OPTIONS`
2. Pata UUID za patisheni kwa `lsblk -f`. Majina kama `/dev/sdb1` yanaweza kubadilika diski nyingine ikichomekwa, UUID haibadiliki.
3. Hariri `/etc/fstab`. Kila mstari una sehemu sita: chanzo, mahali, aina, machaguo, na tarakimu mbili za mwisho za dump na fsck.
 ```
 UUID=...  /home     ext4   defaults,nodev,nosuid                    0 2
 UUID=...  /srv      ext4   defaults,nodev,nosuid,noexec             0 2
 tmpfs     /tmp      tmpfs  nodev,nosuid,noexec,mode=1777,size=2G    0 0
 tmpfs     /dev/shm  tmpfs  nodev,nosuid,noexec                      0 0
 ```
 Kati ya majina ya machaguo pasiwe na nafasi.
4. Kagua maandishi kabla ya kuyatumia: `sudo findmnt --verify`. Makosa yakitajwa, usiendelee.
5. Ijulishe systemd: `sudo systemctl daemon-reload`
6. Tumia machaguo mapya kwa patisheni moja moja bila kuzima seva: `sudo mount -o remount /home`
7. Thibitisha kwa macho: `findmnt /home`
8. Thibitisha kwa vitendo. Nakili programu ya `id` na uipe setuid ya root:
 ```
 sudo cp /usr/bin/id /home/id
 sudo chmod 4755 /home/id
 /home/id
 sudo rm /home/id
 ```
 Jibu likionyesha `euid=0(root)`, `nosuid` haifanyi kazi. Kwa `/tmp`, nakili `id` humo na uiite. Jibu sahihi ni `Permission denied`.
9. Panga saa tulivu ya kuwasha seva upya, mtu akiwa tayari kwenye konsoli. Kisichojaribiwa kwa kuwashwa upya kitajaribiwa siku umeme utakapokatika.

Seva iliyosakinishwa kwa patisheni moja haijakosa njia. `/tmp` inaweza kuwa tmpfs kama ilivyo hapo juu. Debian 13 imeifanya hivyo kuwa hali ya kawaida. Kumbuka tu kwamba tmpfs hukaa kwenye RAM na vilivyomo hupotea seva ikizimwa, kwa hiyo `size` iendane na RAM iliyopo. Kwa `/home`, saraka inaweza kupachikwa juu yake yenyewe ikiwa na masharti mapya:

```
/home  /home  none  bind,nodev,nosuid  0 0
```

Flashi na diski za nje

Flashi inayofunguliwa kwa kubofya kwenye kompyuta ya mezani hupachikwa na udisks, ambayo kwa kawaida huongeza `nosuid` na `nodev` yenyewe. Inayopachikwa kwa mkono na `sudo mount` haipati ulinzi huo, machaguo yatajwe. Flashi nyingi hutumia FAT au exFAT, mifumo isiyo na wamiliki wala ruhusa za Unix, na `chmod` juu yake haisaidii kitu. Ruhusa hutolewa kwa pamoja wakati wa kupachika:

```
sudo mount -o nodev,nosuid,noexec,uid=1000,gid=1000,umask=077 /dev/sdb1 /mnt
```

Diski ya nakala rudufu iliyoandikwa ndani ya `/etc/fstab` iongezewe `nofail`. Bila neno hilo, seva inayowaka huku diski imechomolewa huishia kwenye hali ya dharura ikimsubiri mtu.

Saraka ya tovuti

Programu ya tovuti ndiyo inayopokea wageni wa dunia nzima, kwa hiyo haipaswi kuwa mmiliki wa faili zake yenyewe. Kwenye Debian na Ubuntu huendeshwa kwa akaunti ya `www-data`. Faili zote za tovuti ziwe za akaunti nyingine, kundi liwe `www-data`, na kundi lipewe kusoma tu:

```
sudo chown -R fundi:www-data /srv/tovuti
sudo chmod -R u=rwX,g=rX,o= /srv/tovuti
```

Herufi kubwa `X` hutoa ruhusa ya kupita kwa saraka, na ya kuendesha kwa faili zilizokuwa nayo tayari. Amri `chmod -R 755` ingefanya kila picha na kila ukurasa kuwa programu. Kisha saraka ya kupokelea picha na nyaraka za wageni, hiyo peke yake, ipewe `g+w`.

Hapa `noexec` huwadanganya wengi. Mgeni akipandisha faili ya PHP kwenye saraka hiyo, seva ya wavuti itaisoma na kuitekeleza bila shida, kwa sababu anayekimbia ni kifasiri cha PHP. Kinachozuia ni mipangilio ya Apache au Nginx inayokataza PHP kutekelezwa ndani ya saraka ya kupokelea. Bila mipangilio hiyo, kazi yote iliyotangulia kwenye tovuti ina tundu.

Makosa yanayorudiwa

- *`chmod -R 777 /` au kwenye `/etc` na `/usr`.* Setuid ya `sudo` hufutika, na jaribio linalofuata hujibiwa kwamba `/usr/bin/sudo` lazima iwe ya uid 0 na iwe na biti ya setuid. Pasipo dirisha la root lililoachwa wazi, kinachobaki ni konsoli.
- *Kulegeza ruhusa za funguo za SSH.* `~/.ssh` iwe 700 na ufunguo wa siri 600. Programu ya `ssh` hukataa ufunguo unaosomwa na wengine.
- *Kuweka setuid kwenye skripti.* Linux huipuuza. Kazi ya namna hiyo hufanywa kwa kanuni mahsusi ya `sudo`.
- *Kutegemea `chattr +i` kama ngome.* Huzuia hata root kubadilisha faili kwa bahati mbaya, lakini mvamizi aliyekwisha kuwa root huiondoa kwa amri moja.

Ukaguzi wa kila mwezi

☐ Faili zinazoandikika na kila mtu: `sudo find / -xdev -type f -perm -0002`
☐ Saraka zinazoandikika na kila mtu zisizo na biti ya kunata: `sudo find / -xdev -type d -perm -0002 ! -perm -1000`
☐ Faili zisizo na mwenyewe, kwa kawaida za akaunti zilizofutwa: `sudo find / -xdev \( -nouser -o -nogroup \)`. Mtumiaji mpya akipewa namba ya yule wa zamani, atazirithi.
☐ Orodha ya setuid ikilinganishwa na ya mwezi uliopita.
☐ `findmnt` ikilinganishwa na `/etc/fstab`, kwani mtu anaweza kuwa amepachika upya kwa `exec` ili amalize kazi na akasahau kurudisha.
☐ Uanachama wa makundi ya `sudo` na `uhasibu`: `getent group sudo uhasibu`

Amri tatu za kwanza na ile ya setuid hurudiwa kwa kila patisheni.

Mpaka wa kinga hizi

Ruhusa na machaguo ya kupachika hutekelezwa na kerneli ya seva ikiwa imewaka. Diski ikichomolewa na kuchomekwa kwenye kompyuta nyingine, root wa kompyuta hiyo husoma kila kitu, na 600 au `nosuid` hazina la kusema. Dhidi ya wizi wa diski kinga ni usimbaji fiche wa LUKS, ambao kwa seva ya mbali hudai mpango wa namna nenosiri litakavyoingizwa kila inapowashwa. Anayesakinisha seva mpya atenge patisheni za `/home`, `/srv`, `/var` na `/var/log` pamoja na LUKS chini yake tangu siku ya kwanza. Kuyafanya hayo baadaye, seva ikiwa imejaa kazi za watu, humaanisha kuhamisha data yote na kuanza upya.